Kipimo cha Kiwiko

Mtaani wananiita Fundi Kinyaa. Hawaniiti usoni, wanangoja niiname kuokota spana. Wanasema nina ulimi mchafu na kila kitu kinanichefua. Ni kweli, kinanichefua. Wewe kaa miaka thelathini na moja kwenye kibanda cha mabati, uletewe cheni iliyopakwa mafuta ya kupikia, uletewe breki iliyofungwa kwa kamba ya kiatu, uletewe siti ambayo mwenyewe hajaifuta tangu ainunue, halafu mwenye mali akwambie, "Fundi, iangalie tu kidogo." Kidogo! Ptuu.

Lakini haya si ya wateja. Ni ya mpwa wangu, binti wa dada yangu mkubwa, na baiskeli niliyomchagulia mimi mwenyewe.

Binti huyo anasambaza mikate. Alfajiri anapakia makreti mawili nyuma ya baiskeli ya mizigo, dude la chuma ambalo hata mimi nikiliinua kiuno kinalia, na anazunguka maduka kumi na nane kabla watu hawajapiga mswaki. Wenye maduka wamembatiza Mkate Moto, maana mkate wake haujawahi kufika umepoa. Ana miaka kumi na tisa. Shule aliiacha kidato cha pili baba yake alipofariki, na mpaka leo madaftari yake yamo kwenye mfuko wa nailoni juu ya kabati la mama yake. Ukiyagusa, mtagombana.

Sasa, kiwanda cha nyuzi kilicho ng'ambo ya reli kina timu ya baiskeli. Asubuhi moja kocha wao alimwona Mkate Moto akiwapita wasichana wake kwenye mlima, yeye na makreti yake. Akamfuata mpaka dukani alikokuwa anashusha mikate, akamwambia aje kwenye majaribio Jumamosi ya kwanza ya mwezi. Wanachukua wanne. Ukichukuliwa, asubuhi unafanya mazoezi, mchana unafanya kazi ghalani, na jioni kiwanda kinakulipia masomo mpaka umalize. Sharti lilikuwa moja: uje na baiskeli yako ya mbio, yenye tairi nyembamba. Kiwanda hakiazimi mtu.

Dada yangu ni mshonaji. Aliposikia neno masomo hakuuliza mara mbili. Aliuza cherehani yake ya kudarizi, akanijia kibandani na pesa zimefungwa kwenye kipande cha kitambaa.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Shika. Hiyo ndiyo cherehani, hakuna pesa nyingine nyuma yake. Fundi wa baiskeli ni wewe, mchagulie mtoto kitu cha maana."

"Dada, hapo umefika."

Kichwa kikanivimba, sikatai. Miaka yote hiyo watu wananiletea takataka walizokwisha nunua, nami natengeneza huku roho inaniuma. Leo naulizwa kabla ya kununua! Na kuna jambo jingine. Nilipokuwa na umri kama wa mpwa wangu nilikuwa na hamu ya baiskeli ya mbio mpaka nilikuwa naiota. Sikuipata. Nilipata kibanda, ndoo ya maji ya kutafutia panchi, na mikono isiyotakata hata uisugue kwa mchanga na sabuni ya unga.

Tulianza kwa muuza baiskeli kuukuu, nyuma ya soko. Mwanamume mmoja mnene, anakula karanga na maganda anayatemea palepale kwenye bidhaa zake. Alituletea baiskeli nyekundu inayong'aa, akaipigapiga begani kama mtu anayeuza ng'ombe. "Hii, fundi mwenzangu, ilikuwa ya bingwa."

Fundi mwenzangu! Nilimtazama mkono, hauna hata kovu moja la spoku. Nikaiinua baiskeli, nikaigeuza chini juu. Pale chini, fremu inapokutana na pedeli, rangi ilikuwa nene kuliko kwingine. Nikaikwangua kwa kucha. Ikatoka rangi, ikatoka na puti, ile wanayozibia magari yaliyobonyea, na ndani yake ufa wa urefu wa kidole. Ufa, jamani! Mtoto wa watu ashuke mlima kwa kasi, fremu ikatike vipande viwili chini yake, na huyu anatafuna karanga.

"Hiyo ni mikwaruzo tu," akasema.

"Mikwaruzo ni ya usoni kwako," nikamjibu, nikamshika mpwa wangu mkono tukaondoka. Kichefuchefu kilinipanda kweli. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Wahenga walimjua huyu bwana kabla hajazaliwa.

Njiani nilimpa binti somo, sauti juu, wapita njia wageuke. "Sikiliza. Mwenye pesa kidogo anaziweka kwenye fremu na magurudumu. Basi. Pedeli utabadilisha, siti utabadilisha, mipira ya breki utabadilisha. Fremu mbovu hubadilishi, unaizika. Na usidanganywe na wingi wa gia. Gia ishirini na saba za nini, unakwenda mwezini? Baiskeli rahisi yenye gia nyingi na springi na stika za moto imekula pesa yote kwenye mapambo."

"Sawa mjomba."

"Na usiangalie rangi."

"Siangalii mjomba."

Tukaingia duka jipya la vioo, lililo karibu na benki. Lahaula! Hewa yote ni manukato. Kijana wa mauzo alikuwa amejimwagia chupa nzima, viatu vimechongoka, kucha safi kuliko za bibi harusi. Nikamwita Manukato hapohapo, kimoyomoyo.

"Shikamoo mzee wangu. Karibu dada. Nani ataiendesha?"

"Fundi ni mimi," nikamkata. "Tuonyeshe za mbio, za bei ya chini, na usitupigie ngonjera."

Akatupeleka kwenye moja nyeusi iliyowekwa juu ya jukwaa, imemulikwa na taa yake peke yake. Gia tele, stika tele. Nikaiangalia mara ya kwanza, nikaiangalia mara ya pili. Foku, ule uma unaoshika gurudumu la mbele, ilikuwa imefungwa nyuma mbele! Foku hupinda kidogo kuelekea mbele. Hii ilikuwa imerudi nyuma, na breki ya mbele imejificha inatazama pedeli.

"Nani ameunga baiskeli hii?"

"Sisi wenyewe, mzee wangu. Zinakuja kwenye maboksi."

"Foku imegeuka."

Manukato akainama, akatazama, akainuka. "Hiyo ndiyo staili mpya."

"Staili mpya ya kuvunja watu meno! Ebo! Wangapi wameshatoka hapa na foku za nyuma?"

Wateja wawili waliokuwa wakijaribu helmeti wakaanza kusogea mlangoni. Manukato akaiteremsha baiskeli jukwaani, uso umemshuka. Nami, Mungu anisamehe, nilifurahi. Nilijiona mtu pekee mwenye macho katika mji mzima.

Ndipo nikaiona ya kijivu. Ilikuwa pembeni, haina taa wala stika. Fremu ya alumini nyepesi, mishono ya kuchomea imelala sawasawa. Nikalizungusha gurudumu la mbele, likaenda limenyooka, halipepesuki. Gia kumi na sita tu, zinaingia bila kukwaruza. Breki za kawaida, ambazo fundi yeyote chini ya mti anaweza kuzibadilishia mpira. Bei yake ilikuwa ndani ya kitambaa cha dada yangu.

Mafundi wa zamani tuna kipimo chetu. Hatuhitaji mashine. Unaweka kiwiko kwenye ncha ya siti, unanyoosha mkono kuelekea usukani. Vidole vikiukaribia, ukaongeza upana wa vidole vitatu ukaugusa, baiskeli hiyo ina urefu wa mwenye mkono. Nikaweka kiwiko. Nikanyoosha. Ikaja barabara, wala haikuzidi wala haikupungua.

"Hii," nikasema.

Manukato alikuwa amesimama mbali kidogo, mikono nyuma. "Mzee wangu, ni chaguo zuri sana. Ila ipo na ndogo yake, ile ya bluu. Bei moja, vifaa vilevile. Naona dada..."

"Unaona nini? Umewahi kuziba panchi maishani mwako?"

"Sijawahi."

"Basi nyamaza. Ndogo ni ya watoto, imewadodea hapa mnatafuta mjinga."

Mpwa wangu akasema polepole, "Mjomba, hebu niipande kidogo."

"Utaipanda nyumbani. Sakafu hii ina utelezi, utawavunjia vioo vyao."

Akaushika usukani wa ile ya kijivu kwa kidole kimoja, akasema asante mjomba.

Kesho yake asubuhi, kabla binti hajarudi kutoka kwenye mikate, niliichukua nikazunguka nayo mtaa. Kuijaribu, nilijiambia. Jamani! Mzee wa miaka hamsini na tatu, tumbo mbele, nilipaa. Niliporudi dada yangu alikuwa mlangoni na pini mdomoni.

"Dada, imenikaa kama nimeshonewa!"

"Vizuri," akasema, akaendelea na pindo lake.

Mkate Moto alipoipanda mara ya kwanza, siti niliishusha mpaka mwisho. Nikaisogeza mbele mpaka mwisho vilevile. Bado alikuwa amelala juu yake mikono imekakamaa. Fundi mwanafunzi wa wiki mbili angeona. Mimi nilisema, "Baiskeli ya mbio ndivyo ilivyo, mwili utazoea." Akasema sawa mjomba. Siku ya nne nilimwona anakunja na kukunjua vidole wakati wa kula. Nikamwambia aache kuukaba usukani, yeye si polisi. Akacheka kidogo.

Jumamosi ikafika. Wasichana kumi na mmoja, kilomita arobaini, mizunguko minane ya barabara inayozunguka kiwanda, na kila mzunguko una kilima kimoja. Nilikwenda na pampu, spana na mipira ya akiba. Baiskeli nyingine pale zilinitia karaha tupu. Mmoja alikuwa na cheni yenye kutu, mmoja tairi ya nyuma imechanika pembeni ikashonwa kwa uzi wa viatu. Nikajisemea, leo watu wataona kazi ya fundi.

Mizunguko mitano ya mwanzo Mkate Moto alikuwa wa pili. Nilipiga kelele mpaka koo likakauka. Mzunguko wa sita, akawa wa tatu. Wa saba alipopita mbele yangu, sasa akiwa wa nne, nilimwona ameachia usukani kwa mkono wa kulia, anaupungapunga hewani, anaurudisha, anaupunga tena. Mkono ulikuwa umekufa ganzi. Kwenye kilima cha mwisho alitakiwa aingize gia nyepesi. Nilikuwa nimesimama palepale juu, nilimwona anaisukuma swichi kwa kiganja, kisha kwa kifundo cha mkono, vidole havimtii. Gia haikuingia. Akapanda na gia nzito kwa nguvu za miguu ya makreti. Mwenye tairi iliyoshonwa akampita mita thelathini kabla ya mstari.

Akawa wa tano.

Kocha ni mwanamke mfupi, magoti yake yote makovu. Aliwaandika wanne, kisha akaja kwa mpwa wangu, aliyekuwa amekaa chini ananyonya vidole apate kuvisikia. Akaishika ile ya kijivu, akaiinua, akaizungusha magurudumu. "Baiskeli safi sana hii. Kaichagua mtu anayejua vyuma." Kisha akamtazama binti, akaitazama tena baiskeli. "Lakini si yako. Imekuzidi kwa mbali. Umeendesha umetundikwa kama nguo kwenye kamba. Nani alikuchagulia?"

Nilikuwa hatua mbili kutoka pale. Pampu mkononi. Mpwa wangu hakugeuka hata kunitazama.

"Niliichagua mwenyewe, kocha."

"Mwakani, basi. Njoo na ya kimo chako."

Na mimi nikanyamaza. Mimi! Mwenye ulimi unaowafukuza wateja, niliyewaumbua mla karanga na Manukato mbele za watu, nilisimama pale nikaikagua pampu kana kwamba ndiyo kwanza naiona. Nimeona uchafu mwingi katika kazi hii. Nimetoa panya aliyeoza ndani ya boksi la cheni. Sijawahi kuona kitu cha kunitia kinyaa kama yule mzee na pampu yake.

Nyumbani dada yangu alikuwa anatusubiri. Alimtazama mwanawe, akaelewa. "Nilichoka tu mama," binti akasema. "Wenzangu walikuwa wazuri."

Dada yangu amewavisha watu miaka arobaini, anajua nguo inapombana mtu hata akiwa kimya. "Kaa juu ya hiyo baiskeli," akamwambia. "Shika ukuta." Akamzunguka mara moja. Akautoa utepe wake shingoni, akampima kutoka kwenye kiwiko hadi ncha ya kidole. "Inchi kumi na saba." Kisha, bila kunitazama, "Wewe, lete mkono."

Nikaleta mkono.

"Ishirini."

Akaukunja utepe taratibu. "Dukani ulimpima nani?"

Nilitaka kueleza kipimo cha mafundi, fremu, mishono ya kuchomea, ufa wa puti. Nikayaacha. "Nilijipima mwenyewe, dada."

"Nimeharibu vitambaa vingi," akasema. "Nimekata mkono mfupi, nimekata kiuno kikubwa. Lakini sijawahi kujipima mimi nikamkatia mteja." Akaingia ndani. Baadaye tukasikia ile cherehani moja iliyobaki ikianza kulia.

Nyani haoni kundule, nilikuwa nawaambia wateja hivyo kila siku.

Jumatatu nilikwenda duka la vioo na ile ya kijivu. Nilijiandaa kutukanwa, ningestahili. Manukato hakunitukana, na hilo lilinichoma zaidi. Akasema baiskeli iliyokwisha kutumika bosi wake haipokei, ila fremu kwa fremu wanaweza kubadilishana, nikikubali kuja kila Alhamisi kuwaungia baiskeli zinazotoka kwenye maboksi. "Ili zile foku, mzee wangu..." akasema, akashindwa kumalizia.

Nikakubali. Sasa kila Alhamisi mimi ndiye ninayenukia manukato, na mtaani wamekwisha kuisikia harufu.

Fremu ya bluu tuliijenga kibandani, mimi na mpwa wangu, mchana ametoka kwenye mikate. Nilipofunga siti nikarudi nyuma, nikamwambia aweke kiwiko chake. Akaweka. Akanyoosha mkono, vidole vikaukaribia usukani, akaongeza vitatu vya mkono wa pili. Sawasawa. Akaupapasa usukani akiwa bado ameinama, na nikaona kwamba hashangai.

"Ulijua," nikasema.

"Tangu dukani, mjomba."

"Mwaka mzima umepotea! Masomo yako! Kwa nini hukusema?"

Alifuta alama ya kidole kwenye fremu kwa ncha ya shati lake.

"Nilisema niipande kidogo," akasema. "Yule kaka wa dukani naye akasema. Ningerudia, ungenisikia?"

Nikafungua kinywa niseme ningekusikia. Nikakumbuka ile sakafu yenye utelezi, nikakifunga. Nikamwomba spana namba kumi na tano, akanipa, tukaendelea na pedeli.